Theluji Unaisukumia Wapi?

Kila nikipiga simu nyumbani Marangu swali ni lile lile: baridi unaivumiliaje? Baridi, jamani, ina dawa yake. Unavaa. Soksi za sufu, buti zenye manyoya ndani, jaketi juu ya jaketi, na ukishaingia kwenye gari lenye hita unaanza kuvua kimoja kimoja. Swali ambalo hakuna anayeniuliza, na ndilo linaloniweka mjini, ni hili: theluji yote hiyo unaipeleka wapi?

Naishi Leadville, jimbo la Colorado, mji wa zamani wa wachimba fedha ulioko mita 3,094 juu ya usawa wa bahari. Kwa aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu: umeshapita kambi ya Mandara, hujafika ya Horombo. Kwetu mgeni akifika mwinuko huo anahema, anapiga picha, anaendelea na safari. Hapa watu wana shule, benki, mahakama na baa ambazo unaingia na buti zako zenye matope na hakuna anayekutazama. Maji yanachemka kwenye nyuzi 90 hivi, kwa hiyo maharage bila presha kuka ni kazi ya kutwa, na chai haikolei hata uipe majani mara mbili. Hilo la chai ndilo bado linanikera.

Kiangazi nafanya kazi za ujenzi. Kuanzia Novemba hadi Mei nasukuma theluji. Tajiri wangu ana mikataba ya nyumba za watu, maegesho ya maduka mawili matatu na njia kadhaa za binafsi huko nje ya mji, na mimi naendesha pikapu yenye bamba la chuma mbele linalopanda, linaloshuka na kugeuka kushoto na kulia kwa haidroliki. Watanzania wenzangu wa Denver wananiita Mangi wa Barafu, yaani chifu wa Kichaga wa barafu. Wao wako chini, mita elfu moja na mia sita tu, theluji ikidondoka Jumatatu Jumatano jua limeshailamba. Hawajui tunachozungumza.

Nimekua naiangalia theluji kila asubuhi. Ukiamka mapema kabla ya mawingu, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kile pale, cheupe, juu ya migomba. Kaka yangu ni mpagazi, amekanyaga huko juu mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka. Mimi sikuwahi kuigusa hadi nilipofika Marekani. Na Kibo chenyewe kinazidi kupungukiwa: kati ya 1912 na mwanzoni mwa karne hii kimepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake. Mama anasema siku hizi akitazama juu anaona vipande, kama kitambaa kilicholiwa na panya. Halafu ananiuliza kama huku ipo ya kutosha. Ipo, Mama. Ipo mpaka inakera.

Sasa tuingie kazini.

Mikataba mingi inasema hivi: theluji ikifika inchi tatu, kama sentimita nane, tunakuja bila kuitwa. Kwa hiyo usiku wa theluji hulali usingizi wa maana. Unaweka simu ilie saa nane, unafungua pazia, unaangalia ukingo wa uzio chini ya taa ya barabarani. Uzio wangu una mbao za juu pana, nimezipima, najua theluji ikifika wapi ni inchi tatu. Ikifika, navaa. Watu wanataka saa kumi na mbili asubuhi njia iwe wazi, maana nusu ya mji huu hufanya kazi ng'ambo ya mlima, kwenye hoteli na viwanja vya kuteleza vya Copper Mountain na Vail, na basi la wafanyakazi halimsubiri mtu.

Gari nalo linalala na waya. Injini ya dizeli ikikaa nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri haiwaki kirahisi, kwa hiyo tunaichomeka kwenye umeme usiku kucha, kuna kihita kidogo ndani yake. Na dizeli ya kawaida ikipoa sana inaganda ganda kama mafuta ya nazi ya Tanga mwezi wa saba, inaziba chujio. Majira ya baridi vituo vya mafuta vya huku milimani huuza dizeli iliyochanganywa ili isigande. Mgeni anayejaza tangi Texas akaja kulala huku ataniona asubuhi, tena atakuwa yeye ndiye anayenipungia mkono.

Basi umefika kwa mteja. Giza, theluji bado inadondoka, njia haionekani. Unajuaje ilipo? Kwa vijiti. Mwezi wa kumi, kabla ardhi haijaganda, tunapita nyumba kwa nyumba tunapigilia vijiti vya plastiki vyenye utepe unaong'aa: kona ya njia, jiwe, kisanduku cha umeme, ngazi, kichaka anachokipenda mama mwenye nyumba. Ukichelewa hadi Novemba kijiti hakiingii, utakipiga nyundo mpaka kikatike. Watu wanadhani kazi ya theluji inaanza theluji ikidondoka. Kwa hesabu yangu nusu yake imekwisha siku ile ya vijiti.

Njia nyingi hapa ni za kokoto, si lami. Theluji ya kwanza ya msimu kwenye kokoto haisukumwi hadi chini. Ukilaza bamba kabisa utazoa kokoto zote ukazimwaga kwenye majani, na Mei mwenye nyumba atazikusanya kwa mkono huku akikutaja. Unapita juu yake na magurudumu, mbele, nyuma, mbele, nyuma, unaishindilia. Usiku inaganda. Hiyo ndiyo sakafu yako. Kuanzia hapo hadi masika unakwangua juu ya sakafu hiyo. Nimewaona vijana wapya wenye pikapu kubwa kuliko yangu wakikwangua hadi udongo mwezi wa kumi na moja, mteja akiwasifu kwa usafi. Subirini.

Na sasa lile swali. Theluji haiondoki. Mtu wa jijini anaona gari limepita, njia nyeupe imekuwa nyeusi, anadhani imeondolewa. Imehamishwa mita nne. Na pale ilipowekwa itakaa hadi Mei, tena itapigwa na jua la mchana na baridi ya usiku mpaka iwe ngumu kama saruji. Huwezi kuisogeza tena kwa pikapu. Bamba lina springi nyuma, likigonga kitu kigumu linajikunja mbele ili lisivunjike. Ukilipeleka kwenye kichuguu cha wiki tatu utasikia linajikunja, gari linasimama, kahawa inakuja kifuani.

Kwa hiyo theluji ya Novemba inasukumwa mbali. Mbali kuliko inavyohitajika. Nyembamba hivyo, nyepesi hivyo, ambayo ungeweza kuiacha pembeni tu, unaipeleka hadi mwisho kabisa wa kiwanja, unapanua njia mita moja kila upande kuliko upana wa gari. Tajiri wangu aliniambia msimu wa kwanza, kwa sauti ya mtu asiyerudia: “Ya leo isukumie mahali pa mwisho, maana ya Februari itahitaji mahali pa kwanza.” Ukiiacha karibu, kila theluji inayofuata inaegemea ile ya nyuma, kuta zinasogea ndani, na ikifika Februari njia iliyokuwa ya magari mawili inapitisha moja, na hilo moja likunje vioo.

Mteremko nao una neno. Theluji inayolundikwa upande wa juu wa nyumba ni maji ya Aprili yanayosubiri kuingia kwenye chumba cha chini. Mtu wa Uchagani halihitaji darasa hili. Kwetu tumekua na mifongo, ile mifereji ya zamani inayoleta maji kutoka mlimani hadi kihambani, na tunajua ugomvi wa maji ulivyo: nani ameziba, nani ameelekeza kwake zamu isiyo yake, mzee gani ameamka na jembe usiku. Huku ugomvi ni ule ule, ila maji bado hayajayeyuka. Jirani anasukuma theluji yake mpakani. Desemba wanasalimiana, Machi wanapigiana picha za ushahidi. Nimeitwa kuwa shahidi mara kadhaa, na siku zote nasema sikumbuki.

Nina mteja mmoja, bibi wa zaidi ya miaka themanini, mjane, nyumba ndogo ya mbao upande wa magharibi wa Harrison Avenue. Namwita Bibi hivyo hivyo, ameshazoea, anadhani ni jina la heshima, na hajakosea. Huyu ndiye mtu pekee anayenielekeza theluji iende wapi kwa kidole. Anasimama dirishani saa kumi na moja alfajiri na kikombe chake, taa ya jikoni nyuma yake, anaonyesha: pale. Pale ni juu ya bustani yake. Anataka rundo zima liwe juu ya bustani, kwa sababu Leadville mvua ni chache na theluji ikiyeyuka polepole hadi Mei inamwagilia maua yake bila bili ya maji. Jirani yake analipa kijana aiondoe theluji yote kwenye bustani, halafu Juni analalamika ukame.

Kwa Bibi huyu huwa sishuki tu na kuondoka. Ukutani upande wa kaskazini, usawa wa goti, yanatokea mabomba mawili meupe ya plastiki, unene wa mkono wa mtoto. Moja linavuta hewa, moja linatoa moshi wa tanuri la gesi linalopasha nyumba moto. Ukuta huo ndio upepo unaulundikia theluji. Usiku mmoja wa Januari niliona rundo limefika juu ya dirisha na hakuna mvuke unaotoka. Kwa kawaida ukifika hapo kwenye baridi kali unaona moshi mweupe ukipepea, kama pumzi ya ng'ombe asubuhi. Siku hiyo hakuna. Tanuri za kisasa huzima zenyewe zikizibwa, lakini si zote ni za kisasa, na hewa ya sumu inayobaki ndani haina harufu. Nilichukua beleshi la alumini, nikachimba kwa upande, si kwa juu, maana ukichoma kwa juu unavunja bomba. Theluji ya ndani ilikuwa imelowa na kuganda tena, kijivu, ina ganda la barafu lenye umbo la bomba lenyewe. Nikalivunja kwa kidole. Nikagonga mlango. Bibi alitoka na blanketi mabegani, akaniambia nyumba imekuwa baridi tangu usiku wa manane na alidhani gesi imekwisha. Tanuri lilikuwa limejizima, kama lilivyotakiwa. Nikamwashia, nikasubiri barazani mpaka mvuke ukatoka. Tangu hapo yale mabomba yana kijiti chake, chenye utepe mwekundu, na nimewekea vijiti vya hivyo nyumba zote za njia yangu. Mkataba hausemi lolote kuhusu mabomba. Nawaambia wenzangu wote mnaohamia nchi za baridi, iwe Minnesota, iwe Norway: kabla hujajifunza jina la mtaa wako, jua bomba la moshi la nyumba yako linatokea wapi.

Tukirudi barabarani, kuna jambo moja linalotia watu wazimu kuliko yote, nalo ni tuta. Umeamka alfajiri, umesafisha njia yako hadi lami inaonekana, umeingia ndani kunywa chai isiyokolea. Linapita greda la mji linasafisha barabara. Theluji yote ya mtaa inateleza kwenye bamba lake hadi pembeni, na mdomo wa njia yako ndio upo wazi, basi inajazwa pale. Tuta la kiunoni. Na si theluji laini. Ni mabonge yenye mchanga na barafu ya barabarani. Nimewaona watu wazima, wenye shahada, wamesimama na mabeleshi wakimpigia kelele dereva wa greda ambaye hasikii kitu.

Dereva hana kosa. Hawezi kunyanyua bamba kila nyumba. Lakini dawa ipo, na ninaitoa bure. Simama mwisho wa njia yako ukitazama barabara. Kwa kuwa Marekani tunaendesha kulia, greda la upande wako linatokea kushoto kwako. Basi safisha mfuko wa mita tatu nne kushoto, kando ya barabara, kabla ya mdomo wa njia yako. Bamba likipita hapo linamwaga mzigo wake kwenye mfuko, likifika kwako halina kitu. Haliishi tuta lote, lakini badala ya kiunoni linakuwa la kifundoni. Walioko Uingereza geuzeni, upande wa kulia. Na tafadhali, theluji uliyoitoa kwako usiitupe barabarani. Ni kosa kisheria, tena mwenye pikipiki ya theluji au gari dogo atakutana nayo gizani ikiwa imeshaganda.

Chumvi? Watu wa Denver wananiuliza mbona hatumwagi chumvi tukamaliza. Chumvi ya kawaida ikishapita nyuzi kama tisa chini ya sifuri inakuwa haifanyi kazi ya maana, na sisi nyuzi tisa ni mchana mzuri. Barabara kuu za jimbo hunyunyiziwa maji ya magnesi kloraidi, ambayo huvumilia baridi zaidi kidogo, na wengine wote tunamwaga mchanga wenye vijiwe. Mchanga hauyeyushi chochote, unampa tairi kitu cha kukamata tu. Gharama yake ni vioo. Tafuta gari Leadville lenye kioo cha mbele kisicho na ufa. Ukiliona, mwenyewe amehamia wiki hii.

Mimi nafanya kazi za mjini. Lakini kila mtu wa kazi hii huwatazama madereva wa magari ya theluji ya jimbo, yale ya rangi ya machungwa, kwa heshima yake. Kutoka hapa kwenda Copper Mountain unapita Fremont Pass, mita 3,450, penye mgodi wa molibdeni wa Climax kileleni. Huko upepo unaweza kurudisha theluji barabarani nyuma yako wakati bado unaisukuma ya mbele. Halafu kuna maporomoko ya theluji. Machi 2019 ilianguka theluji nzito mfululizo juu ya tabaka dhaifu la zamani, milima ikaanza kujimwaga mahali ambapo wazee hawakumbuki kuona maporomoko. Misitu mizima ikalazwa, na barabara hiyo ya Fremont Pass, namba 91, pamoja na ile kuu ya I-70 zikapigwa. Wataalamu wa jimbo hutazama tabaka, wakiona hatari barabara inafungwa, wanalipua ishuke wakati hakuna mtu chini, kisha magari ya machungwa yanaingia kuzoa. Kusini zaidi, barabara ya 550 kati ya Silverton na Ouray, kuna mnara wa kuwakumbuka madereva wa magari ya theluji waliofunikwa kazini. Wa mwisho ni wa mwaka 1992. Alikuwa na mwenzake siku ile, wameshuka kwenye gari wanatengeneza mnyororo, mlima ukashuka. Mwenzake alijichimbua mwenyewe akatokea juu baada ya saa kama 18. Ninapoambiwa barabara imefungwa huwa sibishani. Nageuza.

Kwa hiyo mnaokuja kutembea, naomba mawili. La kwanza, matairi. Kwenye I-70 kati ya Morrison na Dotsero, tangu Septemba mosi hadi mwisho wa Mei, sheria inataka gari dogo liwe na matairi yanayofaa au vifaa vyake: ya baridi, au ya matope na theluji, au minyororo, na kina cha kashata za tairi kisipungue kama milimita tano. Ukikamatwa na tairi kipara ni zaidi ya dola 100. Ukikwama ukafunga barabara ni zaidi ya 650. Gari la kukodi uwanja wa ndege wa Denver halikupi uhakika, kakague mwenyewe kwa kidole. La pili, ukikuta magari matatu ya machungwa yamepangana kwa mshazari, moja mbele kidogo ya jingine, yanatembea taratibu, usiyapite. Kila moja linampokea mwenzake theluji na kuipeleka pembeni. Katikati yao kuna mawingu ya unga mweupe usioona hata mkono. Na huko mbele yao barabara haijasafishwa. Unaharakia nini?

Mwenzangu wa zamu anatoka Chihuahua, Mexico, milimani, kwao pia theluji huanguka. Tunaelewana kwa Kihispania chake, Kiingereza chetu cha kuunga na ishara za taa. Taa mbili: nimemaliza. Taa tatu: njoo univute. Saa tatu asubuhi tunakutana kwenye kituo cha mafuta, yeye na mkate wake wenye mayai na pilipili, mimi na chapati nilizofunga kwenye karatasi ya foili na kuziweka juu ya deshibodi, pale hita inapopulizia kioo. Zinafika saa hiyo zina moto kama zimetoka jikoni. Ameshanizoesha pilipili yake, nami nimemharibia mkate. Siku nikija bila chapati ananuna.

Sasa niwape kituko. Wikiendi ya kwanza ya Machi, tangu 1949, Leadville hufanya mashindano katikati ya mji: farasi anakimbia mbio zote katika Harrison Avenue, nyuma yake kamba, nyuma ya kamba mtu mwenye ski, zile mbao za kutelezea, anaruka matuta na kuokota pete kwa fimbo. Watu wanajaa pande zote mbili na vikombe mkononi. Kwa hayo mashindano unahitaji barabara yenye theluji. Na Harrison Avenue ni ile ile tuliyoisafisha tangu Novemba, usiku baada ya usiku, na theluji yake kubebwa kwa malori hadi nje ya mji kwa sababu madukani hakuna pa kuilundika. Basi malori yanairudisha. Ijumaa usiku theluji inamwagwa barabarani, kijiko kinaisambaza, kinajenga matuta ya kurukia, sisi tunasawazisha. Mara ya kwanza nilimuuliza tajiri kama amesikia vizuri kwenye simu. Akaniambia niendeshe. Mbio zikiisha Jumapili jioni tunaizoa tena, safari hii ikiwa na samadi ndani yake. Nilipomsimulia kaka yangu alicheka mpaka akakata simu, halafu akapiga tena kuuliza kama walilipa mara zote mbili. Walilipa.

Watu wanadhani Machi tumemaliza. Machi na Aprili ndiyo miezi ya kuvunja mgongo. Theluji ya Januari ni kavu, ukikanyaga inalia chini ya buti, ukiipuliza inaruka, mita moja ya ujazo ikiwa mpya haifiki kilo mia. Ya Aprili imelowa. Inanata kwenye bamba, inanata kwenye beleshi, kila beleshi ni ndoo ya maji. Wazee wenye moyo dhaifu ndipo wanapoanguka, kwa sababu wameona jua, wakatoka na fulana. Pulizia beleshi mafuta ya silikoni au paka nta ya mshumaa, itateleza. Beba nusu. Sukuma badala ya kuinua. Na gari lako usiliegeshe chini ya paa la bati. Mchana jua likipasha bati, theluji ya paa zima inateremka kwa mara moja, na nimeona boneti ilivyokunjwa.

Bamba silivui kwenye pikapu kabla ya mwisho wa Mei, hata jirani akinicheka kwa kupita nalo mjini jua limewaka. Likishavuliwa, vile vyuma vya haidroliki vinavyong'aa vinapakwa grisi nene vyote, kwa sababu kutu ikivila kiangazi, Novemba vitachana sili na mafuta yatavuja. Makali ya chini nayapima. Yakibaki vidole viwili naagiza mapya wakati huo huo wa Juni, maana Oktoba kila mtu anaagiza na bei inapanda. Vijiti navifunga kwa kamba, vya utepe mwekundu peke yake. Halafu naenda kujenga nyumba za watu wengine, na jambo la kwanza ninalomuuliza fundi mkuu akinionyesha ramani ni kama wamefikiria theluji ya paa hili itaangukia wapi.